Sauti Ndani ya Kabati la Nguo

Mtu mzima mwenye akili zake hapigi makofi mbele ya blanketi. Ndivyo alivyowaza Mwanvita Jumamosi ile, kwenye mitumba kando ya soko la Mawenzi, alipomwona kijana mrefu mwenye shati la bluu lililonyooka vizuri amesimama mbele ya biashara yake. Kijana alipiga kofi moja, akasikiliza. Akasogea kidogo, akapiga jingine. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, mawingu yameshuka na kulala katikati ya mlima, na soko lote lilinuka matope, maandazi na nguo zilizokaa muda mrefu kwenye marobota. Watu walikuwa wanasukumana kugombea mashati. Huyu alikuwa na makofi yake.

"Kaka, hapa hatuchezi ngoma," Mwanvita akamwambia. "Blanketi linashikwa kwa mkono."

"Samahani, dada. Nataka kusikia kama linameza."

"Linameza nini?"

"Sauti."

Mwanvita akamgeukia Sharifa, rafiki yake aliyeuza mapazia meza ya pili. Sharifa akatikisa kichwa kwa huruma. Kijana hakuwaona. Alichukua blanketi zito la kijivu, akajifunika gubigubi, na kutoka humo ndani ikasikika, "Aaa. Eee. Moja, mbili. Aaa." Wapita njia wakasimama. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya akasema, "Masikini, na kijana mwenyewe mzuri hivi!"

Mwanvita akashindwa kuvumilia. Akainua ncha ya blanketi, akachungulia.

"Humo ndani uko na nani?"

"Peke yangu. Karibu."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kijana akajifunua, nywele zimejaa manyoya ya blanketi, akacheka naye. Alisema anaitwa Sufiani, prodyuza wa muziki, studio yake iko chumbani kwake Kihonda, na chumba chenyewe kina mwangwi kama pipa tupu. Anatafuta kitu cha kuziba kuta ili sauti za waimbaji zitoke safi.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," Mwanvita akasema. "Mimi nilishaanza kukuombea dua."

Akamwacha achague, akarudi kwenye kazi yake, akaita wateja: "Zito la Mgeta hilooo! Baridi ya mlimani haikupati! Njoo ujifunike, mama, njoo ujifunike!"

Sauti ilianzia chini, ikapanda polepole, na ilipofika juu ikakwaruza kidogo, kama kijiko kinapogusa ukoko chini ya sufuria. Sufiani akabaki na blanketi mkononi. Kila siku alirekodi vijana wanaoimba wote kwa sauti moja, laini, isiyo na mtu ndani yake. Hii ilikuwa na mtu.

"Dada, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo tangazo."

"Tangazo linakwenda na blanketi, kaka. Nunua nitangaze."

Alikuja kununua moja, akaondoka na matatu. Kabla ya kuondoka akaomba namba ya simu. "Zikishindwa kumeza, nizirudishe."

"Mitumba hairudishwi."

"Basi nipe namba nikueleze zinavyoendelea."

Sharifa ndiye aliyecheka kwanza. Mwanvita akataja namba harakaharaka, akijifanya anakunja mashuka, na moyoni anaomba kijana asikose hata tarakimu moja.

Simu iliita jioni ileile.

"Blanketi zako zinakusalimia," Sufiani akasema.

"Hazijambo?"

"Hazijambo, ila zinalalamika. Zinasema chumba kimya mno, zimemkumbuka mwenyewe anayepiga kelele."

"Ziambie zizoee. Ndiyo maisha ya ndoa."

"Mwanvita, uliwahi kuimba?"

Mwanvita akamsimulia jambo ambalo hata Sharifa alikuwa halijui. Alipokuwa mdogo aliimba kaswida madrasa, na siku ya Maulidi mwalimu alimtoa safu ya mbele akamweka nyuma kabisa. Alisema sauti yake ina mchanga. Tangu hapo anaitumia kuita wateja tu, na anaimba akiwa anafua.

"Mimi nautaka huo mchanga," Sufiani akasema.

Mwanvita alikata simu bila kuaga, akakaa kitandani amejishika mashavu. Kulikuwa na joto usoni ambalo halikuwa la hali ya hewa.

Jumapili iliyofuata alikwenda Kihonda, na Sharifa ubavuni kama mlinzi. Alivaa gauni la kitenge cha njano na mtandio mweupe, viatu kaviweka mkononi kwa sababu ya matope. Sufiani akawapokea mlangoni na beseni la maji ya kunawa miguu. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya kompyuta, na blanketi za Mwanvita zimepigiliwa misumari ukutani. Kwenye kona lilisimama kabati la nguo, milango wazi, na ndani yake, katikati ya mashati yaliyotundikwa, maiki imening'inizwa.

"Utaimbia kabatini," Sufiani akasema.

"Kabatini! Sharifa, shuhudia. Mwanaume amenitoa kwetu Mji Mpya kuja kunifungia kabatini."

"Nguo zinazuia sauti isirudi. Hakuna studio nzuri kama kabati lililojaa."

"Kwa hiyo ukifua tu, studio inafungwa," Sharifa akadakia.

Sufiani alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kurekodi. Hapo alikuwa mkali kama fundi cherehani aliyeshika kitambaa cha harusi. Soda ya baridi aliiondoa, akampa maji ya uvuguvugu. Akampimia shubiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye maiki. Mbele ya maiki alikuwa ameweka waya wa duara uliovishwa soksi nyembamba ya kike, ili pumzi ya herufi nzito kama p na b isiipige maiki. Mwanvita alipouliza hiyo soksi ni ya nani, Sufiani akajibu ni ya dukani, na masikio yakamwiva. Kisha akazima feni, akachomoa friji, akafunga dirisha.

"Sasa nyamaza."

"Si umeniita niimbe?"

"Kwanza tunarekodi chumba kikiwa kimya. Nusu dakika tu. Kila chumba kina ukimya wake, Mwanvita. Nikija kukata wimbo mahali, naziba pengo kwa ukimya huohuo. Nikiacha tupu, sikio linashtuka."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, kabla ya kila wimbo, kwa kila mwimbaji. Wengine walisimama kama askari. Mwanvita alishindwa. Alimeza mate, bangili zikalia, akavuta pumzi, na kutoka kabatini ikaja sauti ndogo:

"Bado?"

"Bado."

Ikafuata kwikwi ya kicheko. Ikabidi waanze upya, na mara ya pili ikawa hivyohivyo, hadi Sharifa akatolewa nje kwa kosa la kuchochea.

Wimbo alikuwa nao kichwani siku nyingi. Ulikuwa wa kumwimbia bibi yake wa kijijini Mkuyuni, mzaa mama, aliyemrithisha jina. Bibi Mwanvita alikuwa amepoteza macho yote mawili na watu aliwajua kwa sauti. Alijua hata ni nani aliyekohoa barabarani. Na sauti yake mwenyewe ilikuwa na mchanga uleule. Ujanani alipoongoza nyimbo za kumcheza mwali, watu wa kilima cha pili walitega masikio. Mjukuu alipolia kwa sababu ya yule mwalimu, Bibi alimwambia, "Huo si ugonjwa. Hiyo ndiyo sauti yetu." Mwanvita alitaka kitu kimoja tu: bibi yake ausikie wimbo huo akiwa hai.

*Bibi nishike mkono, njia nimeisahau,*
*Nikifika mtoni niite, niijue sauti yangu.*

Mwanvita akamaliza mara ya kwanza. Sufiani alivua hedifoni, akazitazama mikononi, akazivaa tena.

"Nimekosea?" Mwanvita akauliza kutoka kabatini.

"Hapana. Subiri kidogo nijifute uso."

Wakawa wanakutana kila Jumapili asubuhi. Ilikuwa masika, na mlima ulitokea na kutoweka dirishani kadiri ukungu ulivyotaka. Mwanvita alizoea harufu ya kabati lile, sabuni ya mche na mafuta ya nazi, hadi sokoni akishika shati la mtu mwingine akawa anashangaa kwa nini halinukii hivyo. Sufiani akajifunza kusoma kila kitu kwa masikio. Alijua Mwanvita akiwa na njaa, alijua akiwa amegombana na mteja.

"Usitabasamu kwenye ubeti wa pili," alimwambia siku moja akiwa amempa mgongo. "Unabadilisha sauti."

"Umejuaje natabasamu?"

"Nimesikia."

"Basi usiniite mpenzi kwenye hedifoni halafu unitegemee ninune."

Jumapili moja mvua ilipiga bati kwa nguvu hata kurekodi hakukuwezekana. Sharifa hakuja siku hiyo, alisema amechoka kulinda watu wasiotaka kulindwa. Waliteremsha blanketi la kijivu ukutani, wakakaa sakafuni kila mmoja na ncha yake mabegani, mlango wazi, wakitazama maji yakikimbia uani. Walizungumza kwa kusogezeana midomo masikioni, maana mvua ilifunika kila neno.

"Nakupenda," Sufiani akasema.

"Sijasikia."

"Nakupenda, Mwanvita!"

"Prodyuza gani wewe, unarekodi mara moja tu? Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Mvua ilipokatika ghafla alikuwa katikati ya neno, na jirani wa uani akaitikia, "Amina!" Walicheka hadi machozi, na Mwanvita akajiegemeza kwake, akasema naye anampenda, tangu siku ile ya makofi, na kwamba blanketi lile la kijivu alimpunguzia bei mno.

Hapa ndipo ninapotaka kumkamata Sufiani masikio. Wimbo ulikwisha, na ulikuwa mzuri. Mwanvita akafunga mizigo kwenda Mkuyuni kwa Idi, Sufiani akamwahidi atamalizia kuuchanganya sauti na vyombo, kisha atamtumia. Lakini Sufiani alitaka kumfanyia mpenzi wake jambo la kushtukiza, wimbo wake usikike redioni. Akamsikilizisha rafiki yake Jackson, mtangazaji.

"Wimbo mtamu," Jackson akasema. "Ila sauti ina mikwaruzo. Isafishe, kaka, nikuwekee kwenye kipindi cha Idi. Ikitoka hivi watasema imerekodiwa kwa simu."

Sufiani alijua. Moyo ulimwambia kabisa, acha. Lakini mtu akitamani kumfurahisha ampendaye, hujiona ana haki ya kila kitu. Akakaa mchana kutwa na kompyuta yake. Akainyoosha kila noti, akazikata pumzi moja baada ya nyingine, akaufuta ule mkwaruzo wa juu hadi sauti ikang'aa. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, akafanya alichokifanya siku zote kazi ikiisha: akazifuta sauti za awali ambazo hazijaguswa. Kisha akatuma wimbo kwa simu, na mioyo myekundu mitatu.

Mwanvita hakuufungua. Aliutunza hadi Mkuyuni, asubuhi ya Idi, baada ya watu kurudi kutoka swala. Bibi alikuwa ameketi kitandani kwake, kanga mpya mabegani. Mwanvita akapiga magoti mbele yake na simu mkononi, mkono mwingine umeshika goti la Bibi. Wimbo ukaanza.

Moyo wa Mwanvita ulianguka tangu mstari wa kwanza, lakini alimtazama Bibi. Bibi alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni.

"Binti anaimba vizuri," akasema. "Sauti safi, kama maji ya chupa. Na wako wewe utaletwa lini?"

"Ndiyo huu, Bibi."

"Usinidanganye siku ya Idi. Macho yamekwenda, masikio ninayo. Wewe haumo humu."

Alimpigia Sufiani akiwa nyuma ya nyumba, amesimama chini ya mti wa mdalasini, machozi yanamtiririka.

"Idi njema, laazizi! Umesikia? Saa saba inachezwa redioni, mshangao wangu kwako…"

"Umenifanya nini, Sufi?"

"Vipi tena?"

"Bibi hajanijua. Bibi yangu. Ameniuliza wimbo wangu utakuja lini."

Sufiani akababaika. "Nimekunyoosha kidogo tu, mpenzi. Kama kupiga pasi."

"Mimi ni shati?"

"Sikumaanisha… Jackson alisema…"

"Mwalimu aliniweka nyuma, lakini alau aliniacha nikawemo. Wewe uliniambia unautaka mchanga wangu. Nilikuamini, nikakuimbia hata nilivyohema. Umenitoa kabisa."

"Rudi mjini, tutengeneze upya."

"Ungekuwa unanipenda mimi, usingemtengeneza mwingine."

Simu ikakatika, na kuanzia hapo namba ya Sufiani haikupita tena.

Wimbo ulipendwa. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya Sufiani. Mwanvita aliporudi mjini aliukuta unalia kwenye duka la simu mkabala na meza yake, akawa anaita wateja huku unalia, na mteja mmoja akamwambia, "Dada, punguza kelele tumsikilize huyu mwenye sauti." Akafunga robota lake la blanketi siku hiyohiyo, akapandisha Mkuyuni, akawa anauza kwenye gulio na kulala chumbani kwa Bibi.

Sufiani alimkosa kila siku sokoni, akaishia kwa Sharifa.

"Shemeji, nisaidie."

"Nikusaidie nini? Ulimwambia mtu unautaka mchanga wake, ukashika fagio."

Sufiani akaondoka. Alimwomba Jackson auondoe wimbo ule, akarudi nyumbani, akawasha kompyuta kutafuta sauti ya Mwanvita ilivyokuwa. Hakuna. Alitafuta kila mahali, akatafuta tena palepale, akajilaani kwa sauti. Kilichobaki ni rundo la vipande vifupi ambavyo hakuwa na desturi ya kuvifuta, kwa sababu havikuwa na kitu ndani yake. Ukimya wa chumba, Jumapili baada ya Jumapili.

Alikicheza kimoja ili tu apate cha kusikiliza. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha nje, ukungu umefika hadi kwenye mapaa. Kwenye hedifoni kulikuwa na pumzi. Bangili. Maji yakimezwa. Kisha, karibu kabisa na sikio: "Bado?" Akacheza kingine. Mwanvita alikuwa anaimba kwa kufumba mdomo, akajishtukia, akakwamisha kicheko puani. Kwenye kingine alinong'ona, "Sufi, humu ndani kunanukia wewe." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulimpata Sufiani kwenye kiti chake. Aliinamia meza akalia, mwanaume mzima, bila kuona aibu.

Kesho yake akavifunga vipande vyote pamoja, asipunguze hata chafya. Akachukua spika ndogo, akaiviringisha kwenye lile blanketi la kijivu isilowe, akapanda bodaboda kuelekea Mkuyuni. Njia ilikuwa ya kupanda na kuteremka, migomba pande zote, na mlima ukimjia na kumkimbia ndani ya ukungu. Alifika amelowa chapachapa. Spika tu ndiyo iliyokuwa kavu.

Bibi alikuwa barazani, anamenya magome ya mdalasini kwa vidole vinavyojua njia, na harufu yake imejaa uani. Mwanvita alitoka ndani na sufuria mkononi. Alikuwa amevaa kanga mbili kuukuu, nywele hazijasukwa, na Sufiani aliona hajapata kumwona mzuri kiasi kile.

"Nani kakuelekeza huku?"

"Sharifa."

"Sharifa nitamkata ulimi. Rudi ulikotoka."

"Nani huyo?" Bibi akauliza.

"Shikamoo, Bibi," Sufiani akasema, meno yakigongana.

"Marahaba. Mgeni harudishwi mvuani, Mwanvita. Mpe kigoda."

Akaketi. Akaeleza yote, bila kujitetea, kwamba yeye ndiye aliyeutengeneza ule wimbo wa maji ya chupa. "Nilisikiliza watu wa redio, nikaacha kumsikiliza yeye. Nilikuwa nampenda na bado nikaona haya kwa niaba yake. Nimekuja kuomba radhi kwenu wote wawili." Kisha akamtazama Mwanvita. "Sauti zako zile nimezifuta. Sina wimbo wa kukurudishia. Nina hivi tu, na ukisema niondoke baada ya hapa, naondoka."

Mwanvita alibaki mlangoni na sufuria yake. Sufiani akafungua blanketi, akawasha spika.

Mwanzoni palikuwa na mvumo mwembamba wa chumba kilichofungwa. Pumzi ikaingia, ikatoka. Bangili zikagusana. Vidole vya Bibi vikasimama juu ya mdalasini.

"Bado?" spika ikasema.

"Bado nini, Mwanvita?" Bibi akajibu papo hapo. "Unafanya nini humo ndani?"

Sufuria ilimponyoka Mwanvita. Akaketi chini palepale mlangoni, kanga mdomoni, analia na kucheka kwa pamoja. Spika ikaendelea, Mwanvita wa kabatini akicheka na Mwanvita wa mlangoni akimwitikia, na Bibi akigeuza kichwa huku na huku, uso umemfunguka.

"Ndiye huyu!" akawa anasema. "Huyu ndiye wangu. Anahema kama mama yake."

Kisha akainua kidole.

"Rudisha nyuma. Na huyu mwingine ni nani?"

"Mwingine yupi, Bibi?"

"Huyu anayehema pembeni. Hayuko mbali naye."

Sufiani akarudisha. Alikuwa amevisikiliza vipande vile hadi akavikariri, lakini siku zote alimtafuta mtu mmoja tu. Sasa akasikia. Chini ya pumzi ya Mwanvita kulikuwa na nyingine, nzito, ya taratibu, inayosubiri ya kwanza iingie ndipo nayo iingie. Kipande baada ya kipande, ilikuwapo.

"Ni mimi," akasema polepole. "Nilikuwa najizuia nisimharibie."

"Hukujizuia vizuri," Bibi akasema. "Mapenzi ni kikohozi, baba, hayafichiki. Hatibu! Hatibu, njoo usikilize watu wanavyohema!"

Hatibu alikuwa mjomba wa Mwanvita, na kwa watu wa mlima ule mjomba ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu binti. Alikuja kutoka shambani na panga lake, akasikilizishwa, akamtazama kijana aliyelowa kuanzia juu hadi chini.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Mtu haposi peke yake. Ukitaka hilo unalolitaka, nenda kalete wazee wako. Nami nitamuuliza mwenyewe."

"Niulize sasa hivi," Mwanvita akasema kutoka chini alikokaa. Wote wakamgeukia. Akajifuta uso, akamtazama Sufiani. "Na mchanga?"

"Nautaka wote."

"Akija mtu wa redio?"

"Atakuja kukuomba wewe. Mimi si wa kuuza kisicho changu."

"Basi kalete wazee," akasema, akainuka kuokota sufuria yake.

Wazee walikuja, wakarudi, wakaja tena, kama ilivyo ada. Siku ya barua ya posa kukubaliwa, Sufiani alibeba pia maiki yake. Wakaitundika chumbani kwa Bibi, wakaziba dirisha kwa blanketi la kijivu na kuta kwa kanga zote zilizokuwa ndani ya nyumba. Mwanvita alisimama shubiri moja kutoka kwenye maiki, gauni la njano, hina mpya mikononi. Bibi alikataa kutoka nje. Alisema amesubiri vya kutosha.

"Tunyamaze kidogo," Sufiani akasema, akabonyeza.

Ukimya ukaingia. Ulikuwa na mto kwa mbali, matone kutoka kwenye migomba, na harufu ya mdalasini, ingawa harufu hairekodiki. Watu watatu wakavuta pumzi.

"Bado?" Mwanvita akanong'ona.

"Nyamaza, mjukuu wangu," Bibi akasema kwa ile sauti yao. "Na sisi tumo."

Sufiani hakukikata kipande hicho. Kimo mwanzoni mwa wimbo hadi leo, na anayeusikiliza hukisikia kabla Mwanvita hajaanza kuimba.